Mabakuli Yaliyong'olewa Kaole

Barabara ya lami itokayo Msata hupita Kiwangwa na Fukayosi kabla ya kufika Bagamoyo. Kilomita tano hivi kusini mwa mji huo, kando ya mikoko, ndipo yalipo magofu ya Kaole: misikiti miwili ya mawe na makaburi yapatayo 22, baadhi yakiwa na nguzo zilizosimama kichwani. Msikiti mkongwe unakadiriwa kuwa wa karne ya 13.

Mgeni akizisogelea nguzo hizo ataona vishimo vya mviringo kwenye chokaa. Kila kishimo kilikuwa na bakuli la kauri kutoka China. Fundi alilibandika chokaa ingali mbichi, kitako kikiingia ndani na mdomo ukitazama nje, na ilipokauka bakuli likashikwa barabara. Kulitoa kulihitaji kuchokonoa ukingo mzima. Mwenye subira aliondoka na bakuli. Mwenye pupa aliambulia vigae.

Kwa kazi ya namna hiyo Waingereza wana kitenzi "vandalize", kilichotokana na jina la watu. Wavandali walivuka kutoka Hispania kuingia Afrika mwaka 429, na mwaka 439 wakaiteka Carthage, katika Tunisia ya leo. Mwaka 455 mfalme wao Geiseric alipanda merikebu hadi Roma na kuipora kwa siku 14. Hawakuubomoa mji, walibeba mali na mateka. Sifa ya ubomoaji walibandikwa baadaye, hasa baada ya mwaka 1794, pale Askofu Henri Grégoire wa Ufaransa alipolitumia jina lao kuwashutumu waliovunja sanamu na kuharibu vitabu wakati wa mapinduzi.

Pwani hii nayo ina mshitakiwa wake wa kawaida, yaani vita. Ushahidi upo. Septemba 1888, watu wa Bagamoyo walipoikataa kampuni ya Kijerumani iliyokabidhiwa pwani na Sultani Khalifa wa Zanzibar, manowari ya Kijerumani Leipzig iliupiga mji mizinga. Juni 1889 kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann aliishambulia na kuiteka Saadani, ngome ya Bwana Heri, mmoja wa viongozi wa upinzani huo. Kiongozi mwenzake, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo.

Lakini mzinga hauchomoi bakuli moja na kuiacha nguzo imesimama. Hiyo ni kazi ya mkono.

Na mkono wenyewe si lazima uwe wa mhuni. Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Tongoni, kaskazini mwa Pangani, penye makaburi ya nguzo kama ya Kaole. Kwenye kaburi mojawapo aliona kipande cha kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Akakichukua, kisha akasimulia habari hiyo kitabuni bila haya, maana kwake huo ulikuwa utafiti.

Ulinzi ulikuja polepole. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuhifadhi kumbukumbu za kale mwaka 1937, na mwanaakiolojia Neville Chittick akachimba Kaole mwaka 1958. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ndiyo iliyokwenda mbali zaidi: inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Ndiyo maana anayeng'oa mlango wa nakshi Bagamoyo ili auuze hawezi kujitetea kwamba nyumba ni ya babu yake.

Kwa mabakuli mengi ya Kaole sheria hiyo ilichelewa. Hata hivyo, pale magofuni pana makumbusho madogo, na kauri iliyopambwa kabatini sebuleni inaweza kuwa imetoka kaburini kwa mtu. Mwenye kuirithi bila kujua asilaumiwe. Aipeleke huko, iwekwe karibu na nguzo ilikotoka.