Kutoka Duara hadi Jukwaa: Mwanga na Fundi wa Taa katika Historia ya Maonyesho Tanzania

Katika kata ya Itiryo wilayani Tarime, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Wakurya, ngoma za jadi kwa kawaida huchezwa mchana, uwanjani. Mpiga iritungu, ala yenye nyuzi 8, huzungukwa na wachezaji, nao wachezaji huzungukwa na watazamaji. Jua huwamulika wote kwa usawa. Anayeonekana zaidi ya wenzake huonekana kwa ustadi wake, na mtazamaji aweza kuingia duarani akawa mchezaji. Makala haya yanajadili namna mwanga wa kutengenezwa ulivyobadili uhusiano huo na kuzaa mfanyakazi asiyetajwa sana katika historia ya sanaa nchini: fundi wa taa.

Mabadiliko hayo hayakuanza na karabai. Taa hiyo ya mafuta na pampu, iliyoenea katika karne ya 20, ilitundikwa juu ya mti au nguzo na kumulika pande zote. Harusi na dansi ziliendelea hadi usiku wa manane, lakini duara lilibaki duara. Nguvu ya upepo ilipopungua, kijana yeyote aliishusha, akaipampu na kuitundika tena. Kazi hiyo haikuhitaji fundi maalumu. Kwa hiyo, karabai ilirefusha muda wa onyesho bila kuligusa umbo lake.

Umbo lilibadilika pale mwanga ulipoanza kutoka upande mmoja. Huko Ulaya, ukumbi wa Savoy, London, ulianza kutumia taa za umeme mwaka 1881, na taratibu ikawa desturi kuwaacha watazamaji gizani huku jukwaa likimulikwa. Katika Tanganyika, mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa kutoka Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulisafirisha projekta kwa lori na kuonyesha filamu usiku, hadharani. Filamu si onyesho la jukwaani, lakini ilidai mkao mpya: watu wakae gizani, wote wakitazama mbele. Mkao huohuo ndio unaotawala matamasha ya leo.

Kuanzishwa kwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981 kuliipa sanaa ya jukwaani mahali pa kufundishwa. Baadaye, Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, lilidhihirisha uzito wa kazi ya taa katika uwanja wa wazi. Ndani ya Ngome Kongwe, taa haziwezi kupimwa ipasavyo mchana kwa kuwa jua huzimeza. Fundi husubiri giza ndipo azielekeze. Taa ya mbele huonyesha uso, ya ubavuni huchonga umbo la mwili, na ya nyuma humtenga msanii na ukuta. Mfumo wa mawasiliano ya taa uliowekwa mwaka 1986 huwezesha waya mmoja kubeba njia 512 za maelekezo, hivyo mtu mmoja mezani aweza kuongoza jukwaa zima.

Hata hivyo, mamlaka hayo hutegemea umeme. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa cha Unguja kilikosa umeme wa gridi kutokana na hitilafu katika mfumo unaoupokea kutoka Tanzania Bara. Tamasha la Februari 2010 lilifanyika katikati ya giza hilo, kwa jenereta. Katika mazingira kama hayo, kila taa ni hesabu ya mafuta, na kuamua taa ipi iwashwe ni uamuzi wa kisanaa na wa kiuchumi kwa wakati mmoja.

Suala hili linazihusu pia jamii za vijijini. Tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, umeme umezidi kusambazwa vijijini, na ngoma za duara nazo hualikwa kwenye majukwaa ya matamasha. Hapo wachezaji hulazimika kugeukia upande mmoja. Nusu ya duara hupotea. Fundi wa taa ndiye huamua kama jicho litamfuata mchezaji au mpiga iritungu, uamuzi ambao jua halikuwahi kuufanya. Akimwacha mpiga ala kivulini, picha za video zitakazohifadhiwa zitawafundisha wajukuu kwamba ngoma hiyo ni miguu tu, bila nyuzi.

Kwa hiyo, kumbukumbu ya ngoma iliyochezwa jukwaani haikamiliki kwa majina ya waimbaji na tarehe ya onyesho pekee. Inapaswa kueleza pia taa ziliwekwa wapi, ziliwashwa kwa nishati gani, na nani aliziongoza. Bila taarifa hizo, mtafiti wa baadaye atachukulia uchaguzi wa fundi kuwa ndiyo desturi ya jamii.