Kinanda na Robo ya Toni: Kompyuta katika Historia ya Taarabu ya Pwani

Neno kinanda limebeba vitu vingi katika Kiswahili. Katika Pwani ya kaskazini lilikuwa jina la ala ya nyuzi, ile ambayo pia huitwa kibangala au gambusi. Baadaye likahamia kwenye piano, kwenye ogani za makanisani, kwenye harmonia iliyotoka Bara Hindi, na hata kwenye gramafoni. Siku hizi, anapotajwa mpiga kinanda wa kundi la taarabu, msikilizaji hufikiria ubao wa vitufe vyeupe na vyeusi unaotumia umeme, wenye uwezo wa kutoa sauti ya fidla, ngoma na besi kwa wakati mmoja. Jina limebaki lile lile, lakini kilichomo ndani yake kimebadilika kila kizazi.

Makala haya yanaifuatilia hatua ya karibuni ya safari hiyo, yaani kuingia kwa kinanda cha elektroni, na kompyuta iliyokifuata, katika muziki wa taarabu. Mara nyingi hatua hii huelezwa kama kisa cha mashine iliyoua utamaduni. Hoja ya makala ni tofauti kidogo. Kinanda cha elektroni hakikuja kikiwa kitupu. Kilikuja na mizani ya sauti na midundo iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, kwa ajili ya muziki mwingine. Kwa hiyo swali la msingi la kihistoria si kama Waswahili walipaswa kukipokea, bali ni nani aliyepata uwezo wa kuyaandika upya yaliyomo ndani yake.

Mizani ya sauti kabla ya umeme

Masimulizi ya Unguja huianzisha taarabu katika enzi ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na ambaye inasimuliwa kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa, kikundi ambacho kimeendelea kuwapo kwa zaidi ya karne moja. Ala zilizopewa heshima katika muziki huo zilikuwa udi, ganuni, nai na fidla. Ala hizi zinafanana katika jambo moja kubwa: mpigaji ndiye anayeamua mahali sauti inapokaa. Shingo ya udi haina vituo, wala ya fidla haina. Ganuni ina vijiwiko vidogo vinavyoinua au kushusha uzi kabla ya wimbo kuanza, au hata katikati yake.

Uhuru huo ulikuwa hitaji la lazima. Muziki wa Kiarabu hujengwa juu ya maqamu, na baadhi ya maqamu yana sauti zinazokaa baina ya vitufe vya piano. Katika maqamu ya Rast yanayoanzia kwenye noti ya Do, noti za Mi na Si hushushwa takriban robo ya toni. Katika Bayati inayoanzia kwenye Re, ni Mi inayoshushwa. Piano huigawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa. Wapimaji wa sauti huihesabu kila hatua kuwa senti 100, hata oktavu nzima ikawa senti 1200. Robo ya toni ni senti 50, nusu ya safari kati ya kitufe na jirani yake. Hapo piano haina kitufe.

Tatizo hili liliwashughulisha wataalamu mapema. Katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932, wajumbe walibishana kuhusu namna ya kuipima robo ya toni na kuhusu nafasi ya piano katika muziki wao. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na ubishi wake wa kimyakimya, kwa kuwa akodiani na harmonia, ala zenye sauti zisizohama, zilikuwa zimeingia kwenye taarabu muda mrefu kabla ya waya wa umeme. Si haki, basi, kukitwika kinanda cha elektroni lawama yote. Kilirithi mgogoro uliokuwapo.

Umeme waingia

Mwaka 1964 Umm Kulthum aliimba wimbo uliotungwa na Mohammed Abdel Wahab, Inta Omri, ambamo gitaa la umeme lilisikika ndani ya okestra ya Misri. Kwa wasikilizaji waliouchukulia muziki wa Cairo kama kipimo cha ubora, ala ya umeme ilikuwa imepata idhini. Huko Tanga, vikundi kama Black Star na Lucky Star vilikuwa vikipiga taarabu kwa magitaa ya umeme na kuichanganya na midundo ya dansi. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imechipuka taarabu ya kisasa, iliyotambulika kwa mipasho na rusha roho. Tanzania One Theatre, Muungano na East African Melody walishindana mbele ya umati mkubwa, na katikati ya jukwaa lao kilikaa kinanda.

Sababu za mabadiliko hayo hazikuwa za kisanaa peke yake. Okestra ya zamani ilihitaji wapiga fidla kadhaa, mpiga ganuni, mpiga udi, na miaka mingi ya kuwafunza. Kinanda kilihitaji mtu mmoja, kipaza sauti na umeme. Kikundi kilichoishi kwa viingilio vya ukumbini, kikisafiri kutoka mji hadi mji, kiliona faida hiyo upesi. Lakini pamoja na faida kilipokea pia maamuzi yaliyofanywa kiwandani.

Orodha ya sauti 128

Mwaka 1983 watengenezaji wa Marekani na Japani walikubaliana kuhusu lugha ya pamoja ya ala za elektroni, iitwayo MIDI. Lugha hii haibebi sauti yenyewe. Hubeba maagizo: kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na kimeachiliwa lini. Kwa kuwa maagizo ni tarakimu, kompyuta iliweza kuyapokea, kuyahifadhi, kuyarekebisha na kuyarudisha kwenye kinanda. Mwaka 1985 kompyuta ya Atari ST iliuzwa ikiwa na matundu ya MIDI, na kabla ya muongo huo kwisha programu kama Cakewalk na Cubase zilikuwa zimemwezesha mwanamuziki kuuona muziki wake kwenye kioo na kuuhariri noti kwa noti.

Mwaka 1991 ikaongezwa kanuni ya kupanga sauti 128 kwa namba, ili faili lililotengenezwa kwa kinanda kimoja lisikike vivyo hivyo kwa kingine. Orodha hiyo ni waraka wa kihistoria unaostahili kusomwa kwa makini. Ndani yake mna sitari ya Kihindi kwa namba 105, koto ya Kijapani kwa namba 108, kalimba kwa namba 109 na agogo kwa namba 114. Mna mlio wa simu, namba 125, helikopta, namba 126, na mlio wa bunduki, namba 128. Udi haumo. Ganuni haimo. Katika orodha ya ngoma iliyoambatanishwa mna bongo, konga na marakasi, lakini dumbaki haimo. Hakuna aliyekaa akadhamiria kuitenga taarabu. Waliopanga orodha waliandika walichokijua na walichotarajia kukiuza. Matokeo, hata hivyo, yalikuwa kwamba mpiga kinanda wa Unguja au Mombasa alifungua mashine yake akakuta bunduki ina namba na udi hauna.

Kuirekebisha sauti

Hapa ndipo kompyuta ilipogeuka kuwa chombo cha ukombozi. Njia ya kwanza ya kuipata robo ya toni ilikuwa gurudumu la kupinda sauti. Katika MIDI gurudumu hilo lina vituo 16,384, na kituo cha katikati ni 8192. Kwa mpangilio wa kawaida, kulishusha mpaka mwisho huishusha sauti kwa toni nzima, yaani senti 200. Robo ya toni, ambayo ni senti 50, ni robo ya mshuko huo, nayo ni vituo 2048. Hivyo agizo la 6144 likitangulizwa mbele ya noti ya Mi, Mi hiyo hukaa mahali pa Rast. Mkono peke yake hauwezi kukipata kituo hicho kila mara bila kukosea. Kompyuta huweza, kwa sababu hukiandika.

Njia ya pili ilikuwa bora zaidi, nayo ni kubadili mizani ya kinanda chenyewe. Mwaka 1992 iliidhinishwa kanuni ya MIDI ya kueleza mizani yoyote ya sauti kwa tarakimu. Mfumo wa GS wa Roland uliruhusu kila moja ya noti 12 za oktavu kupandishwa au kushushwa kwa takriban senti 64, na kila sehemu ya muziki kupewa mizani yake. Baadaye watengenezaji walianza kuunda vinanda kwa ajili ya soko la muziki wa Kiarabu moja kwa moja, kama familia ya PSR-A ya Yamaha.

Lakini kushusha Mi kulizaa tatizo jipya. Kinanda chenye kusindikiza chenyewe huongozwa na mkono wa kushoto. Mpigaji akibonyeza Do, Mi na Sol, mashine hutoa besi, gitaa na fidla zinazofuata noti hizo tatu. Mi ya kusindikiza ni ile ya piano, ilhali Mi ya mwimbaji ni ile ya Rast, na zikikutana hugombana masikioni. Dawa iliyopo si ya mashine bali ya maarifa: kuifungua sehemu ya kusindikiza kwenye kompyuta, kuiondoa noti ya tatu, na kuacha Do na Sol peke yake. Anayefanya hivyo hurudia kwa tarakimu kanuni ambayo wapiga udi wa zamani waliifahamu kwa vidole, kwamba maqamu hayahitaji kujazwa. Yanahitaji kuachiwa nafasi.

Kuuandika mdundo

Usindikizaji huo huhifadhiwa katika faili ambalo wapiga vinanda huliita staili. Katika vinanda vya Yamaha, staili ni faili la MIDI lililowekewa alama za utangulizi, sehemu kuu, vijazio na mwisho, likifuatwa na jedwali linaloieleza mashine namna kila ala itakavyofuata mkono wa kushoto. Faili la namna hii ni dogo, hata makumi yake yakaenea katika disketi moja ya megabaiti 1.44.

Staili za kiwandani zilielemea mizani ya Magharibi, ambamo pigo hugawanywa mara mbili na mara nne. Chakacha, ngoma ya wanawake wa Pwani ya Kenya, huligawa pigo katika tatu. Tofauti hii huonekana ndogo hadi inapoingizwa kwenye programu. Tuseme pigo moja limegawanywa katika vitengo 480. Mapigo matatu ya chakacha yatakaa kwenye 0, 160 na 320. Mwanamuziki akiiamuru programu iyanyooshe mapigo yake kwa kipimo cha robo za pigo, mistari iliyopo ni 0, 120, 240 na 360. Pigo la 160 litavutwa hadi 120, na la 320 hadi 360. Mwachano uliokuwa 160, 160 na 160 utakuwa 120, 240 na 120. Hakuna noti iliyopotea, wala mashine haikutoa onyo lolote, lakini ngoma imekufa. Wachezaji wataligundua kosa hilo miguuni kabla ya fundi kuligundua kwenye kioo.

Kwa sababu hiyo, uandishi wa staili si kazi ya ufundi mitambo tu. Anayetaka kuiandika kidumbaki lazima ajue kwamba sanduku ndilo besi, kwamba cherewa na mkwasa zina nafasi zao, na kwamba ngoma mbili ndogo husemezana. Asiyejua hayo ataandika kelele iliyonyooka.

Kilichomo hatarini

Wapo wanaosema kwamba kinanda kimewanyang'anya riziki wapiga fidla na ganuni, na hoja yao ina uzito. Kuanzishwa kwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Unguja, mwaka 2002, kulikuwa sehemu ya jitihada za kuzirudisha ala hizo mikononi mwa vijana. Hata hivyo, kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana. Mizani na staili zilizoandikwa na wapiga vinanda wenyewe ni maarifa ya kizazi kizima, nazo hukaa katika chombo kinachooza. Disketi hupata ukungu katika hewa ya Pwani, na Sony ilisitisha mauzo yake nchini Japani Machi 2011. Santuri za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, bado zinaweza kusikilizwa. Staili iliyoandikwa kwa kinanda kisichotengenezwa tena ni vigumu kusikilizwa kama ilivyokusudiwa bila kinanda hicho. Aidha, faili lililonakiliwa kutoka mkono hadi mkono husahau jina la aliyeliandika, wakati mshairi na mwimbaji wa wimbo ule ule hutajwa.

Hitimisho

Utafiti wa taarabu umeyakusanya mashairi, umewaandika waimbaji na umezipima athari za Misri na Bara Hindi. Umefika wakati wa kuvikusanya pia vitu vinavyoonekana kuwa duni: majedwali ya mizani, faili za midundo, na maelezo ya mikono iliyoviandika. Historia ya neno kinanda inafundisha kwamba Mswahili hakuogopa kamwe kulipa jina lake la zamani ala mpya. Kinachodaiwa sasa ni kwamba, pamoja na jina, alipe pia sauti yake, na aihifadhi mahali ambapo mjukuu wake ataweza kuifungua.