Vichocheo Vigumu na Hesabu ya Taka

Mwaka 1823, mjini Jena, Ujerumani, mkemia Johann Wolfgang Döbereiner alielekeza mkondo mwembamba wa hidrojeni kwenye platini yenye vitundu vingi. Platini ikapata moto hadi ikawa nyekundu, na gesi ikawaka. Cheche haikuwepo, na platini yenyewe haikupungua. Kutokana na jaribio hilo akaunda taa: zinki ndani ya asidi ilitoa hidrojeni, mwenye taa akafungua koki, moto ukawaka papo hapo. Taa hizo ziliuzwa Ulaya kwa miaka mingi kabla viberiti havijazishinda.

Platini ile ilikuwa kichocheo: kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuliwa. Kikiwa kigumu, na vinavyobadilika vikiwa gesi au kimiminika, kina faida ya ziada. Kazi ikiisha, kinachujwa na kurudishwa kazini. Faida hiyo ilijulikana mapema. Kilichochelewa mno ni kuhesabu taka zinazotokea pale faida hiyo inapopuuzwa.

Mwanzoni viwanda vilivutiwa na bidhaa zenyewe. Mwaka 1831 Peregrine Phillips, mtengeneza siki wa Bristol, alipata hataza ya kutengeneza asidi ya salfa kwa kutumia platini. Mwishoni mwa karne hiyo, huko Toulouse, Ufaransa, Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens walionyesha kwamba nikeli, metali ya bei nafuu zaidi, inaweza kuunganisha hidrojeni na gesi nyingine. Mjerumani Wilhelm Normann akaipeleka nikeli kwenye mafuta ya majimaji, akayageuza kuwa mafuta magumu; hataza yake ni ya mwaka 1902. Mwaka 1911 Crisco, iliyotokana na mafuta ya mbegu za pamba, iliingia madukani Marekani. Mafuta meupe ya kopo ambayo jikoni kwetu yalizoeleka kwa jina la Kimbo yalitokana na ufundi huohuo.

Katika biashara hiyo ya mafuta ya pamba, Chattanooga, jimboni Tennessee, ndimo alimofanya kazi Murray Raney. Mwaka 1927 alipata hataza ya njia iliyo rahisi kuielewa: nikeli na aluminiamu huyeyushwa pamoja, zikapoa, zikasagwa, kisha unga wake ukamiminwa kwenye kostiki soda. Aluminiamu inayeyuka huku povu la hidrojeni likipanda. Nikeli inabaki, imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Unga huo mweusi huhifadhiwa ndani ya kimiminika, kwa kuwa ukikauka na kukutana na hewa huwaka wenyewe.

Wasafisha mafuta ya petroli nao walijifunza kwa njia yao. Mwaka 1937, Marcus Hook, Pennsylvania, mtambo mkubwa wa Mfaransa Eugène Houdry ulianza kuvunja mafuta mazito kuwa petroli kwa msaada wa udongo wenye asidi. Udongo ulipofunikwa na masizi, yalichomwa na kazi ikaendelea. Mwaka 1962 kampuni ya Mobil ilianza kutumia zeoliti, madini yenye vijia vyembamba ambamo molekuli za umbo fulani tu ndizo hupita. Katika zeoliti maarufu ya ZSM-5, upana wa kijia ni takribani nusu ya sehemu moja ya milioni ya milimita.

Wakati huo wote, viwanda vya dawa, rangi na manukato viliendelea na mapishi ya kale. Vilitumia kloridi ya aluminiamu, ambayo hung'ang'ania bidhaa hadi ivunjwe kwa maji na kutupwa. Vilitumia chumvi za kromi na unga wa chuma, ndoo kwa ndoo. Bidhaa ziliuzwa ghali, kiasi chake kilikuwa kidogo, na taka hazikumshtua mtu.

Mkemia Roger Sheldon, akifanya kazi Uholanzi, alikutana na mfano unaoumiza macho. Floroglusinoli, inayotumika katika dawa, ilitengenezwa kutokana na kilipuzi cha TNT: kwanza dikromati, yaani chumvi ya kromi, ndani ya asidi ya salfa, kisha chuma na asidi ya hidrokloriki. Kwa kila kilo moja ya bidhaa zilibaki takribani kilo 40 za taka ngumu. Mwaka 1992 Sheldon alichapisha kipimo rahisi: kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa. Kwa wasafisha mafuta, jibu lilikuwa chini ya 0.1. Kwa kemikali maalumu lilikuwa kati ya 5 na 50, na kwa dawa kati ya 25 na zaidi ya 100. Mitambo ya petroli, iliyonyooshewa vidole kwa uchafu, ilikuwa inabana malighafi yake kuliko viwanda vya tiba.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa tayari rafuni. Kampuni ya Enichem ya Italia ilikuwa imetengeneza zeoliti yenye titani, na mwaka 1986 kiwanda chake cha Ravenna kikaanza kuitumia pamoja na peroksidi ya hidrojeni, ambayo masalia yake ni maji. Katika miaka ya 1990 Rhône-Poulenc ya Ufaransa iliweka zeoliti mahali pa kloridi ya aluminiamu katika kutengeneza malighafi ya manukato. Ibuprofeni, iliyokuwa ikipita hatua 6, ilianza kutengenezwa kwa hatua 3 huko Bishop, Texas, mwaka 1992. Kwenye hatua moja imo nikeli ya Raney. Hatua nyingine inatumia paladi. Ya kwanza bado ilihitaji floridi ya hidrojeni, ambayo ni hatari, ila hukusanywa na kutumika tena.

Kutumia mimea kama malighafi badala ya petroli kumeleta mtihani mwingine. Tangu 1922 kampuni ya Quaker Oats ilitoa kemikali ya furfurali kwenye maganda ya oti huko Cedar Rapids, Iowa, lakini kwa asidi ya salfa. Kurithi vichocheo vya petroli si rahisi: sukari na selulosi zimejaa oksijeni, huungua kabla ya kuwa mvuke, na kazi yake hufanyika majini. Mwaka 2005 watafiti wa Tokyo walitengeneza kaboni yenye asidi kutokana na sukari, wakaitumia kupata dizeli ya mafuta ya mimea. Mwaka uliofuata wenzao wa Hokkaido waligeuza selulosi kuwa sorbitoli kwa platini. Mwaka 2010, California, zeoliti yenye bati iligeuza glukosi kuwa fruktosi ndani ya maji.

Hata hivyo maji ya moto hubomoa zeoliti nyingi, asidi iliyobandikwa kwenye kaboni huweza kubanduka, na utomvu mweusi wa sukari iliyoungua huziba vitundu. Kichocheo kinachokufa baada ya mizunguko michache nacho ni taka, na platini iliyomo ilichimbwa ardhini kwa gharama. Ndiyo maana kila mtu anapotangaza kichocheo kipya cha kijani, yaani kisichochafua mazingira, maswali ya kwanza ni mawili: kimerudi kazini mara ngapi, na nini kilivuja kwenye kimiminika? Kipimo cha Sheldon hakina budi kukihesabu kichocheo chenyewe pia.