Kutoka Stesheni Hadi Moi Avenue: Dakika 4 za Tarakilishi

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nizungumzie barabara. Msikimbie, tarakilishi itaingia tu.

Nilipokuwa chuo kikuu niliandika programu ndogo ya kumwonyesha abiria wa treni ya Syokimau jinsi ya kufika kazini akishashuka katika stesheni ya Nairobi. Data ya matatu niliipata bure. Kati ya 2012 na 2014, Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na MIT na Columbia vya Marekani, kiliwatuma wanafunzi wapande matatu wakiwa na simu zenye GPS, wanarekodi kila kituo. Mradi huo uliitwa Digital Matatus. Ramani yake, iliyotoka mwaka 2014, ilikuwa na njia zaidi ya 100, na mwaka uliofuata data hiyo ikaingia katika Google Maps. Fikiria: magari yaliyoruhusiwa kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1973 yalikaa miaka 40 bila ramani, kisha wanafunzi wakaichora kwa simu!

Basi, programu yangu ikasema kwamba kutoka mlango wa stesheni hadi Moi Avenue ni mita 300 hivi, yaani dakika 4. Nikaenda kupima mwenyewe saa mbili asubuhi. Dakika 13. Karibu muda wote huo nilikuwa nimesimama ukingoni mwa Haile Selassie Avenue na umati wa watu, tukingoja upenyo kati ya magari. Mama mmoja mwenye gunia akaniona nasitasita, akanishika mkono: "Twende, mwanangu." Tukavuka mbio.

Kosa lilikuwa langu. Katika programu, barabara ni mstari usio na upana. Kuivuka hakugharimu chochote. Lakini nilipoanza kusoma historia ya mahali hapa, nikaona kwamba waliochora mji wetu walifanya kosa lilelile miaka mingi kabla yangu, na la kwao ni la zege.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukachorwa kwa ajili ya reli: stesheni, karakana, nyumba za wafanyakazi, soko. Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, ilitoka upande wa stesheni ikaingia mjini moja kwa moja. Ukishuka kwenye treni, unatembea. Mabasi ya Kenya Bus Service yalianza mwaka 1934 tu, na mfanyakazi wa Muthurwa au Shauri Moyo aliendelea kwenda kwa miguu kwa sababu nauli ilikuwa nauli.

Kisha ukaja mpango wa mwaka 1948, uliotengenezwa na Thornton White na wenzake, wa kuifanya Nairobi mji mkuu wa koloni. Ni kazi ya wasomi, sikatai. Lakini mkondo wa mpango huo ulikuwa wa gari. Reli iliyokatiza magharibi mwa mji ilihamishwa, na palepale ilipopita ikajengwa barabara pana, ile tunayoiita Uhuru Highway. Kidogo kidogo stesheni, iliyokuwa mlango wa mji, ikabaki ng'ambo ya mto wa magari. Mto huo hauna daraja la kutosha wala kivuko cha kuaminika.

Na wanaotembea hawakupungua. Uchunguzi wa JICA wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban safari 4 kati ya 10 za Nairobi hufanywa kwa miguu. Hao ndio wanaoongoza pia katika orodha ya wanaouawa barabarani nchini Kenya, mwaka baada ya mwaka.

Kusema haki, kuna yaliyofanyika. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Mwaka 2019 Luthuli Avenue ilifanywa ya mwelekeo mmoja, njia ya miguu ikapanuliwa, miti ikapandwa. Kati ya 2020 na 2022 zikafuata Wabera, Muindi Mbingu na Kenyatta Avenue. Maegesho yakaondolewa na watu wakapata pa kupita. Wenye magari walilalamika sana. Mimi nilitembea Wabera jioni moja nikashangaa kwamba nasikia sauti ya mwenzangu.

Baiskeli ni hadithi nyingine. Njia yake isipowekewa vizuizi, huwa ni kituo cha boda boda kilichopakwa rangi. Mabasi nayo? Mwaka 2018 Thika Road ilichorwa mstari mwekundu wa njia ya mabasi ya kasi. Rangi ilifutika kabla ya mabasi kufika.

Karibu na stesheni yenyewe, kituo cha Green Park kilifunguliwa mwaka 2022 ili matatu za Ngong Road na Lang'ata Road zisiingie katikati ya mji. Wazo si baya, ila linahamisha msongamano wa magari likiongeza wa miguu, kwa hiyo njia za miguu zilistahili kuja kwanza. Mwaka huohuo ulizinduliwa mradi wa Railway City, wa ekari zipatazo 425 kuizunguka stesheni, wenye michoro ya kuvutia sana. Katika michoro hiyo hakuna mtu anayekimbia.

Nimeirekebisha programu. Sasa kila kivuko kina gharama yake kwa saa: asubuhi, mchana, jioni, na wakati wa mvua. Nambari ni zangu mwenyewe, nilizopima kwa saa ya mkononi siku 6, kwa hiyo hazitoshi. Ukipita hapo, pima muda wako kutoka langoni hadi ng'ambo, andika saa uliyovuka, unitumie. Tafadhali usiandike simu ikiwa mkononi katikati ya barabara.