Maneno ya barabarani na kamusi: mfano wa neno « kadogo »

Katika masomo ya sekondari, swali moja linarudi kila mwaka: maneno ambayo vijana wanayatumia barabarani na katika telefone, je, yana nafasi katika kamusi? Wenzetu wengi wanajibu « hapana » na kupiga mstari mwekundu. Sisi tunaona inafaa kuuliza kwanza historia.

Tukumbuke kamusi zetu zinatoka wapi. Mkutano wa Mombasa, mwaka 1928, ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya inchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kamusi za Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Dar es Salaam mwaka 1981. Ni kazi kubwa, tunaitumia kila siku. Lakini hazikutungwa juu ya maisha ya Bukavu, Kalemie ao Lubumbashi.

Wazee wetu walilijua pengo hilo. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville katika Kiswahili cha mji huo. Aliiita « Vocabulaire », ni kusema orodha ya maneno. Kwake yeye, maneno ya watu na historia ya watu vilikuwa kitu kimoja.

Sasa tuangalie neno « kadogo ». Katika Kiswahili chetu, ka- inaonyesha udogo: katoto, kanyumba. Ni neno la upole, mama analiita nalo mtoto wake wa mwisho. Lakini tangu vita ya 1996, watoto waliobeba bunduki katika jeshi la AFDL waliitwa kadogo. Kinshasa ilipoangushwa tarehe 17 Mei 1997, waliingia pamoja na wakubwa wao, na magazeti ya Kifaransa yakaandika neno hilo jinsi lilivyo. Kamusi ikisema tu kama kadogo ni « kitu kidogo », mwanafunzi aliyezaliwa kiisha vita atasoma ushuhuda wa wakati ule bila kuelewa. Tena hataona namna gani neno tamu lilifunika jambo baya: kumtoa mtoto masomoni na kumpa silaha.

Ndugu wasomaji watasema: mukifungua mlango, lugha itaharibika. Hofu hiyo ina sababu. Lakini « meza » na « bendera » zilitoka kwa Wareno, « shule » kwa Wadachi, na leo hakuna mwalimu anayezikata. Wakati ndio uliyapima maneno hayo, hata kamusi ikayapokea.

Kwa hiyo hatusemi kila neno liingie. Neno lililozaliwa jana kati ya marafiki wa telefone lingoje. Likifa, hatupotezi kitu. Bali « kubipe », kuita mara moja na kukata ili mwenye mayunite akuite, linaeleza namna watu wa miji yetu walivyoishi na telefone miaka ya 2000. Hata kama zoezi lenyewe linapunguka, neno linastahili kuandikwa, na alama kwamba ni la mazungumzo, la Kongo, la wakati fulani. Kuandika neno katika kamusi si kulibariki kwa mtihani wa serikali. Ni kulitolea ushuhuda.

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa letu. Basi tuanzie darasani. Kabla ya kukata neno, tumuombe mwanafunzi aliandike katika daftari: maana yake, mahali alipolisikia, nani analisema, tangu lini. Tusingoje Dar es Salaam ituandikie kadogo ni nani. Waliomuona wangali wazima, na wanazeeka.