Shaba Mbili za Teófilo Yldefonso

Mwaka 1924 Ufilipino ilipeleka mwanamichezo mmoja tu kwenye Olimpiki ya Paris, mkimbiaji David Nepomuceno. Nchi ilikuwa koloni la Marekani, baada ya Wahispania kuiachia mwaka 1898. Miaka minne baada ya Paris, huko Amsterdam, Teófilo Yldefonso alimaliza wa tatu katika mita 200 mtindo wa kifua, na hivyo Ufilipino, pamoja na Asia ya Kusini-Mashariki yote, ikapata medali yake ya kwanza ya Olimpiki.

Alizaliwa Piddig, Ilocos Norte, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa mto. Baadaye akawa askari wa Philippine Scouts, wenyeji waliotumikia jeshi la Marekani. Husifiwa hasa kwa kuogelea juu ya maji, wakati waogeleaji wengi wa mtindo wa kifua walipendelea kwenda chini ya maji.

Aliyeshinda Amsterdam alikuwa Mjapani Yoshiyuki Tsuruta, na wa pili Mjerumani Erich Rademacher. Los Angeles, 1932, Tsuruta alishinda tena, Mjapani mwingine, Reizo Koike, akafuata, na Yldefonso akawa wa tatu kwa mara ya pili. Ukitazama shaba peke yake utadhani hakusogea hata hatua. Saa inasema mengine: Amsterdam alitumia dakika 2 na sekunde 56.4, Los Angeles 2 na 47.1, nusu sekunde tu nyuma ya Koike. Tatizo lake ni kwamba Japani nayo ilikuwa inakwenda mbio. Kati ya mashindano sita ya wanaume ya kuogelea mwaka ule, Wajapani walichukua dhahabu tano. Kwa maoni yangu, shaba ya 1932 ina uzito zaidi kuliko ile ya kwanza, ingawa historia huipenda ya kwanza. Berlin, 1936, alikuwa wa saba.

Kisha ikaja vita. Desemba 1941 Japani iliivamia Ufilipino, na Yldefonso akapigana Bataan. Peninsula hiyo iliposalimu amri tarehe 9 Aprili 1942, maelfu ya mateka, Wafilipino na Wamarekani, walitembezwa juani kwa njaa na kiu, na aliyeanguka njiani mara nyingi aliuawa papo hapo. Yldefonso alifika hai katika kambi ya Capas, lakini humo humo, Juni mwaka huo, akafa. Nchi yake ilipata uhuru mwaka 1946.

Heshima rasmi ilichelewa: Jumba la Kimataifa la Watukufu wa Kuogelea lilimwingiza mwaka 2010. Hakuna Mfilipino mwingine aliyepata medali mbili za Olimpiki hadi Hidilyn Diaz, mnyanyua vyuma, alipopata fedha Rio 2016 na dhahabu Tokyo mwaka 2021, ile dhahabu ya kwanza kabisa ya taifa. Paris 2024, mwanajimnastiki Carlos Yulo akaondoka na dhahabu mbili. Bwawani hajatokea Mfilipino mwingine wa medali.