Historia ya Nguo Kuukuu Katika Nyumba za Ruiru

Taarifa ya kila mwaka hueleza habari za ada, karo na mazishi. Safari hii twaongeza habari ya kitu ambacho wengi hukiona duni, yaani nguo iliyochakaa. Tukiifuata tangu zamani, twaona kwamba nyumba zetu zilisimama kwa akili ya akina mama kama zilivyosimama kwa mishahara.

Wazee wetu wa kale walivaa ngozi za mbuzi. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, na tawi lake likapita Ruiru hata Thika mwaka 1913, marekani na mablanketi yalienea. Lakini nguo ilitaka fedha, na fedha ilitoka katika kuchuma kahawa na kukata mkonge, tena kodi ya nyumba ilikuwa ikiingoja. Aliyenunua blanketi kwa jasho la namna hiyo hakulitupa kwa sababu ya tundu.

Blanketi lilikuwa na maisha mengi. Lilipochakaa katikati lilipasuliwa, pande zilizo nzima zikashonwa pamoja, nalo likalalwa tena. Baadaye lilimfunika mtoto, kisha likawa tandiko, na mwisho likakatwa vipande vya kushikia sufuria ya moto. Shati nalo halikupotea: mgongo wake ulifaa nepi, mikono ikatoa viraka, vifungo vikawekwa koponi, na mabaki yakajazwa mtoni. Hata utambi wa koroboi ulisokotwa kwa tambara la pamba. Kila kitambaa kilipewa kazi yake, kwa maana pamba hunywa maji, na sufu huzuia joto.

Ustadi huo ulipimwa sana wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Tangu mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishiwa katika vijiji vilivyolindwa, na wengi waliona nyumba zao zikiteketezwa. Siku hizo tambara lilikuwa mali, na mwenye sindano alikuwa na jamaa wengi.

Lakini kazi istahiliyo sifa kuu ni kiondo. Zamani kilisukwa kwa nyuzi za magome ya vichaka, halafu kwa katani. Sweta zilipoenea, akina mama walizifumua zilipozeeka, wakasokota upya nyuzi zake za rangi, wakazisuka. Hivyo sweta isiyovalika ikawa mkoba wa kuchukulia mahindi na maharagwe. Katika miaka ya 1970 na 1980 vyondo vya Kenya viliuzwa hata Ulaya na Marekani, na karo za watoto wengi zilitoka humo.

Leo mambo yamegeuka. Tangu soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba imeingia kwa wingi. Mwaka 2019 pekee Kenya ilipokea tani zipatazo 185,000. Hatuidharau, maana imewavika wengi na kuwapa wengine riziki. Hata hivyo, bei ndogo imeilaza sindano. Nguo hutupwa mitaroni na mitoni, na nyingi zimefumwa kwa nyuzi za plastiki ambazo haziozi upesi. Tena bibi ajuaye kufumua na kusuka hana wa kumrithi, kwa kuwa wajukuu hawamwombi awafundishe.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mitumba ni msala upitao: mwaka 2020 serikali iliizuia kuanzia Machi hata Agosti kwa sababu ya Korona, na soko likakauka. Ujuzi wa mikono ndio mbacha wetu. Twaomba basi, katika mwaka ujao, kila mkutano wa akina mama utenge saa moja, wazee wafundishe kushona viraka, kufumua sweta na kusuka kiondo, nao vijana wa kike na wa kiume waketi miguuni pao. Gharama yake ni sindano na nguo kuukuu, na vitu hivyo havikosekani katika nyumba yoyote ya mwanachama.